Kimya cha Sekunde Arobaini na Mbili

Kamembe, Jumapili, mwezi wa tatu 2005

Mvua ilianza kabla ya misa ya kwanza ikakoma ghafla. Sasa ukungu unapanda kutoka ziwani polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Nina wiki tano na siku mbili tangu niolewe. Ndiyo, bado nahesabu siku. Nitaacha nikichoka, na sioni dalili yoyote ya kuchoka.

Naandika nikiwa ndani ya duka la fotokopi ambako mume wangu, Deo, huchapa barua na fomu za watu. Leo limefungwa, lakini yeye ana ufunguo. Amekaa nyuma yangu anamenya chungwa. Ameahidi hatasoma mpaka nimalize.

Nakiri jambo moja. Jana nililia juu ya zawadi yake, naye akadhani ni machozi ya furaha. Nilimwacha adhani hivyo.

Lazima nianze na kaseti.

Kabla ya ndoa Deo alikuwa ng'ambo ya ziwa, Bukavu, nami nyumbani kwetu Nkanka, upande huu wa mpaka. Siku ya anga safi, ukisimama kwenye migomba yetu, unaona mabati ya kwao yaking'aa. Ni karibu hivyo, na ni mbali hivyo. Vita vilikuwa vinaisha na kuanza, vinaisha na kuanza. Mpaka ulifunguliwa asubuhi, ukafungwa mchana. Barua ilikuwa kitu cha mashaka: kwenye kizuizi karatasi inafunguliwa, askari anaisoma mbele ya watu, kisha anauliza huyu "sheri", yaani mpenzi, ni nani, na hili neno "nitakuja" lina maana gani.

Kwa hiyo Deo alitafuta kaseti ya dakika tisini, akaandika juu yake KWAYA kwa herufi kubwa, akampa Maman Nsimire, mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge upande huu. Nani atashika kwaya?

Kaseti ilikuwa hiyo hiyo moja. Alisema yake, nikasikiliza, kisha nikasema yangu juu ya yake, sauti yangu ikafuta sauti yake, ikarudi. Ilikwenda na kurudi namna hiyo karibu mwaka mzima. Ile ya mwisho sikuifuta. Nilimjibu kwenye kaseti nyingine niliyomwomba kaka yangu, maana katika ile ya mwisho Deo aliniuliza swali.

Kuna jambo ambalo msomaji wa mbali huenda asilijue. Kwetu mtu haongei peke yake. Anapokusimulia, unamwitikia: eeh, mm, yego, weee! Usipoitikia, ananyamaza, anakuuliza kama umekasirika. Deo alikuwa anaongea na mashine isiyoweza kuitikia, kwa hiyo akaniachia nafasi. "Conso, umeamka je?" Kimya. "Baba anaendelea?" Kimya. Nami nyuma ya jiko, redio-kaseti juu ya magoti, nikimjibu kila mahali aliponingoja.

Siku moja mama alinikuta.

"Unaongea na nani, wewe?"

"Na kaseti, Mama."

"Inakujibu?"

"Hapana. Inanisikiliza."

"Una bahati," mama akasema, akainua kapu lake. "Papa yako hata hiyo hafanyi."

Swali lenyewe lilikuja mwishoni kabisa mwa upande wa pili. "Conso, utakubali kuwa bibi yangu?" Halafu kimya, kirefu kuliko vyote alivyowahi kuniachia. Halafu, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyewekewa kitu mkononi, akasema: "Asante."

Nilikuwa nimeshajibu. Asante yake iliangukia mahali pake. Sijui alijuaje.

Mimi niliolewa na ile asante.

Basi jana jioni aliniita hapa dukani, akanipa kitu kimefungwa kwa utepe uliobaki wa harusi. Diski. Ameitoa sauti ya kaseti yetu, ameitia ndani ya kompyuta, yeye huiita ordinateri, na kutoka humo ameichoma kwenye diski. "Kaseti inakufa," alisema. "Kila ukiicheza inakwaruzika kidogo. Hii haichoki. Utaisikiliza mpaka tuwe bazee."

Nilimwuliza sauti inaingiaje kwenye chombo kama kile. Nilisoma fizikia miaka mitatu na nakumbuka mwalimu akitikisa kamba darasani, mawimbi yakikimbia mpaka mlangoni, lakini hapo ndipo somo lilipoishia. Deo akavuta kiti. Oh, jinsi anavyoeleza! Mikono yake yote miwili inafanya kazi.

Sauti, alisema, ni hewa inayotikisika. Kaseti huiga mtikisiko wenyewe, kila kupanda na kila kushuka, kama mtu anayefuata mstari kwa kidole. Kompyuta haiwezi kuiga. Inajua kuhesabu tu. Waya unatoka kwenye redio-kaseti unaingia nyuma ya kompyuta, umebeba umeme unaopanda na kushuka jinsi sauti ilivyopanda na kushuka. Ndani kuna kitu kidogo ambacho kazi yake ni kuuliza: sasa uko juu kiasi gani? Na sasa? Na sasa? Inauliza mara elfu arobaini na nne na mia moja katika sekunde moja, na kila jibu inaliandika kuwa namba. Ukitaka kusikiliza, inazisoma zile namba kwa mwendo ule ule, inazigeuza umeme tena, spika inasukuma hewa, na Deo wangu anaongea.

"Na katikati ya namba na namba?" nikauliza. "Hapo hakuna sauti?"

"Iko, lakini kadogo sana. Weye uko mutoto ya ziwa, utaelewa. Ni kama nyavu ya sambaza. Matundu yakiwa makubwa, tusamaki tudogo twote tunapita. Ukipima mara chache, unakamata sauti nene, lakini s na f zinaponyoka. Miye nilitumia tundu kadogo kabisa." Akanitazama. "Sikutaka ile s ya jina yako iponyoke."

Sisi kwetu tunavua sambaza, dagaa wa ziwa letu. Najua kutazama wavu na kujua nini kitabaki ndani yake. Nilielewa palepale, nikahesabu kichwani: jina langu huchukua nusu sekunde hivi kulitamka. Kwa hiyo limepimwa zaidi ya mara elfu ishirini na mbili. Ni mwanamke gani mwingine wa Kamembe amepimwa jina lake namna hiyo na mumewe?

Akabonyeza.

Sauti ilikuwa safi, karibu kama amekaa mezani. Lakini ilikuwa inakimbia. "Conso, umeamka je, Baba anaendelea, shangazi alipona, hapa mvua ni nyingi." Hakuvuta pumzi. Hakuningoja. Nilifungua mdomo kusema nimeamka salama, yeye alikuwa ameshafika kwa shangazi. Nikafungua tena kwa ajili ya shangazi, yeye kwenye mvua. Alikuwa kama karani anayejaza fomu.

Nikamwomba aipeleke mbele nisikie mwisho.

"Conso, utakubali kuwa bibi yangu asante."

Hivyo. Pamoja. Kama mtu anayeagiza chai na kushukuru kabla haijaja.

Hapo ndipo nilipolia.

Deo alinikumbatia, akaeleza kwa furaha kazi aliyofanya. Diski inachukua dakika themanini, kaseti ina tisini. Programu yake ina mahali pa kubonyeza, inatafuta kimya chote na kukikata. "Kimya kinakula nafasi sawa na maneno," alisema. "Sekunde moja ya kimya nayo ina namba elfu arobaini na nne, na zote karibu na sifuri. Nikaona: nitupe masifuri, nibakishe maneno."

Alijivuna sana. Nilipangusa uso, nikasema ni nzuri.

Usiku kucha nilikaa macho nikiiwaza. Kuna uongo mdogo ambao mke mpya husema, chumvi imezidi na unasema haikuzidi. Huu haukuwa huo. Ningekaa na diski ile miaka arobaini, nikitabasamu kila akiicheza, na kila mara ndani yangu nisikie mwanamume asiyengoja jibu. Niliogopa kwamba nitaanza kumwamini yule wa diski.

Leo asubuhi, tukiteremka kwenda misa, nikamwambia.

"Deo, ile diski. Umenikata."

Akasimama katikati ya barabara, mwavuli juu. "Nimekukata namna gani? Weye hauko ndani. Niko miye tu."

"Niko ndani. Mahali pote uliponyamaza, pale nilikuwa miye, nakujibu."

Alinitazama. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mwavuli hadi kwenye bega lake, naye hasikii. Niliona namna jambo linavyoingia ndani ya mtu.

"Nilikata majibu yako," akasema.

"Eeh."

"Yote."

"Eeh. Hata ile ya mwisho."

"Basi tunarudia! Kaseti iko dukani juu ya meza. Ile sauti nzima, yenye kimya chake, niliifuta ndani ya ordinateri kwa kukosa nafasi, lakini kaseti iko."

Tukageuka, tukarudi dukani. Kaseti haikuwepo. Maman Chantal, mwenye duka, ambaye nyumba yake iko nyuma hapo, alitoka na sufuria mkononi.

"Kaseti ya kwaya? Papa Furaha aliichukua jana jioni, alipofuata nakala za nyimbo. Alisema, kumbe yetu iko hapa! Leo banarekodi kabla ya misa ya pili."

Sikuwahi kumwona mume wangu akikimbia mpaka leo. Anakimbia vibaya, magoti nje, na koti la harusi. Nilimpenda upya pale barabarani, nami nyuma yake nimeshika viatu mkononi, watu wa misa ya kwanza wakitupisha na kuuliza nani amekufa.

Kwaya ilikuwa katika ukumbi wa parokia, inaimba kwa nguvu zote. Redio-kaseti ilikuwa juu ya benchi, mkanda unazunguka. Deo aliingia moja kwa moja, akabonyeza, ikasimama.

Papa Furaha, mwalimu wa kwaya, alibaki na mikono hewani.

"Deo! Unazima wimbo ya Mungu?"

"Unisamehe, Papa Furaha. Hii kaseti iko yangu."

"Yako namna gani? Soma. Imeandikwa Kwaya. Miye niko mwalimu ya kwaya. Weye uko nani?"

"Ndani hamuna kwaya, Papa."

"Muko nini?"

Deo akainamisha macho kwenye kaseti. Sauti za kwanza, wale wasichana wa mbele, walianza kunyoosha shingo. Nikaona atakaa hivyo mpaka ekaristi.

"Muko posa yangu," nikasema.

Weee! Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja wa sauti ya pili alipiga makofi. "Njo maana! Mbele hatujaanza, nilisikia muntu anaita Conso, Conso, nikasema huyu ni mutakatifu gani?"

Hata Papa Furaha alicheka, ingawa alijaribu kufunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Kisha akawa mtu mzima tena, akatoa kaseti, akaifuta kwa shati lake.

"Tumerekodi nyimbo tatu, upande ya kwanza," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilifikiri iko tupu au ni zetu za zamani. Batoto yangu, munisamehe."

Misa ya pili tuliikosa. Nitaungama.

Hapa dukani Deo aliurudisha mkanda kwa kalamu, jino kwa jino, kwa sababu mashine ya kwaya ilikuwa imeutafuna kidogo pembeni. Tukasikiliza. Zile nyimbo tatu, nzuri kwa kweli, zilichukua dakika kumi na moja na nusu. Halafu, katikati ya neno, Deo wa zamani akajitokeza. Salamu zote za mwanzo zilikuwa zimekwenda. Humo alimsalimu baba, shangazi, majirani, na ng'ombe wetu kwa jina lake. Hazitarudi. Nilihuzunika, hasa kwa ajili ya ng'ombe.

Deo alichukua karatasi, akaandika tisini, akatoa kumi na moja na nusu. Akaangalia jibu. Akakaa sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sabini na nane na nusu! Inaingia! Inaingia yote, na kimya chake! Kwaya ilishakata, miye sina kitu cha kukata."

Akaunganisha waya. Akaniambia nisiguse meza, nisikohoe, ingawa alijua kikohozi changu hakiwezi kupita kwenye waya. Mkanda ukaanza kuzunguka, na kwenye kioo cha kompyuta sauti yake ikawa mstari unaovimba na kunywea, vilima na mabonde kama vya Mururu ukivitazama kutoka juu. Kila alipouliza kitu, mstari ulilala. Niliketi mbele yake nikaitikia kwa kichwa tu, bila sauti. Nakusikia. Nimekula. Hata huku mpaka umefungwa.

Tuligeuza upande. Niliomba Mungu azuie mkanda usikatike. Ulivuta mara moja, sauti ikalegea kama ya mlevi, Deo akanishika mkono, ukaendelea.

Kisha swali.

Kisha mstari ukalala, ukaendelea kulala, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikitazama kimya kwa macho. Hakikuwa kimenyooka! Ukikaribia unaona vinyweleo vidogo. Deo alipomaliza kurekodi alikikuza, akaongeza sauti, tukakisikia: pumzi yake, matone juu ya bati, kiti kikilia. Na mbali sana, mara mbili, kishindo kizito. Hakuna aliyeuliza ni nini. Tuliishi miaka ile ile, kila mmoja upande wake wa maji.

Programu ikakipima: sekunde arobaini na mbili.

"Mbona nyingi hivi?" nikauliza.

Akaona haya, mume wangu, akajishika sikio. "Nilipanga. Sekunde kumi za kushangaa. Kumi na tano za kukataa, kwa sababu binti ya nyumba nzuri hawezi kukubali palepale. Kumi za kunyamaza na kutazama chini. Kisha unakubali."

"Hizo ni thelathini na tano."

"Zile saba," alisema, "nilikuwa naogopa."

Nami ikabidi nikiri. Kwamba siku ile nyuma ya jiko sikushangaa, sikukataa, sikutazama chini. Nilisema ndiyo kabla hata hajamaliza neno "bibi", kisha nikakaa na redio magotini sekunde arobaini na mbili nzima bila kazi, nikidhani kaseti imeharibika, mpaka aliposhukuru.

Deo akafungua droo, akatoa mikro ya kunasia sauti, akaichomeka.

"Sema sasa," alisema. "Sema ile ndiyo. Nitaiweka palepale ndani, kati ya swali na asante. Mbele nilikukata, sasa nitakurudisha. Tutakuwa babili kwenye diski."

Niliishika mikro. Ilikuwa nyepesi. Nilifikiri juu ya sauti yangu ikiulizwa mara elfu arobaini na nne uko wapi, uko wapi, uko wapi, na namba zangu zikilala kando ya namba zake mpaka tuwe wazee. Nilitamani sana. Nilivuta hata pumzi.

Kisha nikairudisha mezani.

"Acha wazi," nikamwambia.

"Juu ya nini? Kwa nini wazi?"

"Ukiitia ndani, nitakuwa nimejibu leo tu. Ukiacha wazi, itabidi nijibu kila ukiniuliza."

Akachoma diski hivyo hivyo, na masifuri yake yote.

Halafu tukaisikiliza, kutoka pale kwaya ilipoachia. Nilijibu kila kitu kwa sauti, tumeketi magoti kwa magoti, na Maman Chantal akapiga ukuta mara moja kuuliza kama kuna mteja. Swali lilipokuja, Deo wa diski akanyamaza, na Deo wa kando yangu naye akanyamaza, wote wawili wakiningoja.

Safari hii nikatumia nafasi niliyopewa. Nilishangaa sekunde kumi, mkono kifuani. Kisha nikamkatalia: siwezi, wewe ni wa ng'ambo, mama yangu atasema nini, na unakimbia vibaya, magoti nje. Nilimwona akianza kucheka, kisha akiacha kucheka. Nikatazama chini. Na zilipobaki zile saba, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote kumi, mume wangu wa wiki tano, aliyejua jibu kuliko mtu yeyote duniani.

"Ndiyo," nikasema.

"Asante," ikasema diski.

Yeye mwenyewe aliachia ukingo wa meza, kidole kimoja kimoja.

Chungwa limekwisha na ananiuliza kama nimemaliza. Nimemaliza. Kesho jioni, nikitoka sokoni, nitaiweka tena. Bado sijaamua kama nitaanza kwa kukataa.